Kuwasha lori la dizeli kwenye baridi ya -30°C bila hita ya bloku

mshika_usukani

Wakuu, habari za kazi. Nahitaji maelekezo ya watu wanaoijua dizeli kwenye baridi kali, ile ya kugandisha kila kitu.

Lori lina injini ya silinda 6, lita 7, turbo, komoni reli (bomba moja la presha kubwa linalolisha dizeli silinda zote). Umeme ni volti 24, yaani betri mbili za volti 12 zilizofungwa mfululizo, kila moja Ah 170. Kwenye manifodi ya hewa (bomba la kuingizia hewa kwenye injini) ipo hita ya waya inayopasha hewa kabla haijaingia kwenye silinda. Hita plagi, zile za kupasha ndani ya silinda, hakuna. Hita ya bloku, ile ya kuchomeka kwenye umeme wa ukutani usiku kucha, haijafungwa, na hata ingefungwa, linapolala hakuna umeme. Oili iliyomo ni 15W-40.

Usiku joto linashuka hadi -30°C, mara nyingine -34. Siku za kazi linalala kwa muda wa saa 12. Mwisho wa wiki linasimama saa 40 hivi, na hapo ndipo taabu inapoanza: stata inazunguka kwa kujivuta, injini haishiki, na baada ya majaribio manne betri zimekata. Leo asubuhi kabla ya kugusa ufunguo nimepima betri kwa pamoja nikapata volti 24.4.

Nianzie wapi? Na ni nini hasa kinaweza kufanyika bila umeme wa ukutani?

FundiNozo

Mkuu, kwanza jua kinachokosekana. Dizeli haina cheche. Inachowashia ni joto la hewa iliyobanwa, na hewa hiyo lazima ifike walau digrii 210 na zaidi ndipo dizeli iwake. Kwa hiyo injini inadai vitu vitatu kwa wakati mmoja: izungushwe kwa kasi, hewa na kuta za silinda zisiwe baridi kupita kiasi, na dizeli ifike kwenye nozo (kipulizio cha dizeli kwenye silinda) ikiwa bado inatiririka. Kikikosekana kimoja, vile viwili havikuokoi.

Kasi ndiyo inayodharauliwa sana. Pistoni ikipanda pole pole, hewa inapata muda wa kuvuja kwenye ringi (pete za pistoni), na joto lililopatikana linanyonywa na chuma cha silinda kabla dizeli haijapulizwa. Injini za ukubwa huo zinataka takriban mizunguko 100 hadi 150 kwa dakika, na kwenye baridi kali afadhali ipite hapo. Komoni reli inaongeza sharti jingine: kompyuta haifungui nozo mpaka presha ya reli ifike kiwango chake, kwa injini nyingi baa 200 hadi 300, na pampu inayozungushwa kwa kujivuta haifikishi.

Piga stata kwa sekunde 10, mtu mwingine asimame aangalie ekzosi. Ikizunguka kwa uzito, tatizo ni umeme au oili; usiguse mfumo wa dizeli bado. Ikizunguka vizuri na moshi mweupe unatoka, dizeli inafika lakini haiwaki, basi kagua hita ya hewa. Ikizunguka vizuri na hakuna moshi kabisa, dizeli haifiki: kuna nta au barafu kwenye filta, au upepo umeingia kwenye mfumo. Moshi mweupe ni habari njema kuliko kutokuwa na moshi, maana unakwambia nusu ya kazi imeshafanyika.

Kwako dalili ya kwanza ni kujivuta, kwa hiyo anza na oili. Namba iliyo kabla ya W ndiyo inayosema habari za baridi. Oili ya 15W hupimwa uzito wa kuzungusha kwenye -20°C, na uwezo wa kuvutwa na pampu kwenye -25°C. Wewe uko -30 hadi -34, yaani nje ya mipaka yote miwili. Hata injini ikishika, pampu inaweza kuchimba shimo ndani ya oili nzito, ivute hewa, na beringi za turbo na za krankshafti (mhimili mkuu wa injini) zikae bila oili. Hilo linaniumiza kuliko betri, kwa sababu betri ya kununua ipo na krankshafti iliyokwaruzika haina marekebisho ya haraka.

10W inavutwa hadi -30, 5W hadi -35, 0W hadi -40. Kwa baridi yako weka 5W-40 au 0W-40, mradi daraja la oili lililoandikwa kwenye kitabu cha lori, hasa kama kuna chujio la masizi kwenye ekzosi, lilingane. Badilisha injini ikiwa ya moto ili ile nzito itoke yote, na filta ya oili ibadilishwe pamoja nayo. Usichanganye mafuta ya taa kwenye oili ili iwe nyepesi. Wapo wanaofanya hivyo kwenye mashine za zamani, lakini kwenye turbo ya leo ni kuondoa utando unaotenganisha chuma na chuma.

mafuta_meupe

Naongezea upande wa dizeli, kwa sababu ukishatatua oili na betri hili ndilo litakalofuata.

Dizeli ina nta ndani yake. Ikipoa, kwanza inakuwa na ukungu: punje za nta zimeanza kujitokeza lakini bado inatiririka. Ikizidi kupoa, punje zinaziba filta. Hicho ndicho kiwango cha kuangalia unaponunua, na kwenye vipimo vya Ulaya huandikwa kwa herufi CFPP. Ikipoa zaidi inakuwa kama samli. Dizeli ya msimu wa joto inaweza kuziba filta kwenye digrii chache tu chini ya sifuri. Katika EN 590, kiwango cha dizeli cha Ulaya, dizeli ya baridi ya daraja F inahakikishwa hadi -20°C, na madaraja ya nchi za baridi kali yanaendelea: daraja 1 hadi -26, daraja 2 hadi -32, daraja 3 hadi -38, daraja 4 hadi -44. Kwa -34 yako daraja 2 halitoshi. Tafuta la 3.

Kosa linalowakuta wengi ni hili: wanajaza dizeli ya baridi jioni, wanazima, wanalala. Tangi lina dizeli nzuri, lakini filta, mabomba na pampu bado vimejaa ile ya zamani, na ndiyo inayoganda usiku. Ukijaza, endesha walau dakika 20 hadi 30 ili iliyomo kwenye filta na kwenye bomba la kurudishia itoke yote. Na ukijaza juu ya nusu tangi la dizeli ya joto, umepata mchanganyiko wa katikati, si dizeli ya baridi.

Dawa ya kuzuia nta kuganda inafanya kazi kwa kuzuia punje zisikue na kushikana. Haiyeyushi nta iliyokwisha kuganda. Kwa hiyo iingie tangini kabla dizeli haijaanza kuwa na ukungu, ikiwezekana dizeli ikiwa juu ya sifuri: mimina dawa kwanza, kisha jaza dizeli juu yake ichanganyike. Fuata kipimo cha kwenye chupa. Kuzidisha mara mbili hakuongezi kinga mara mbili. Iliyokwisha ganda ina dawa zake za dharura, zinazomiminwa tangini, halafu unasubiri.

Mafuta ya taa yanashusha kiwango cha kuziba. Kwa makadirio ya kawaida, kila 10% inapunguza digrii 1.5 hadi 2, kwa hiyo 30% inakupa kama digrii 5 tu. Lakini yanapunguza ulainishaji wa pampu na nguvu ya injini, na yakiwa na salfa nyingi yanaharibu mfumo wa kusafisha moshi. Kwenye komoni reli fanya hivyo pale tu kitabu cha lori kinaporuhusu, tena pamoja na dawa ya kuongeza ulainishaji. Petroli usiweke hata lita 1: inaondoa ulainishaji kwenye pampu ya presha, na mvuke wake ndani ya tangi unawaka kirahisi.

Maji nayo yasisahaulike. Nta inaanza kwenye baridi yake, lakini maji yanaganda kwenye sifuri, na matone machache kwenye kitako cha filta yanatosha kufunga njia. Fungulia kikombe cha maji jioni injini ikiwa bado ya moto, acha itoke mpaka uone dizeli safi. Asubuhi umechelewa, kifungulio chenyewe kimeganda. Tangi lilale limejaa, maana nafasi tupu ndiyo inayotengeneza unyevu kwenye kuta zake.

Beba filta mbili mpya ndani ya kebini, sehemu yenye joto. Ile ya kwanza ikiziba, kubadilisha ni haraka kuliko kuiyeyusha. Usijaze filta ya upande safi kwa kumimina dizeli kutoka kwenye galoni, uchafu utakwenda moja kwa moja kwenye nozo. Ifunge tupu, kisha piga pampu ya mkono mpaka iwe ngumu.

njia_ndefu

Kuna njia fupi zaidi. Kopo la etha, kimiminika kinachowaka upesi sana, unapuliza kwenye mdomo wa filta ya hewa, linashika mara moja. Mitambo ya shambani inawashwa hivyo kila msimu.

FundiNozo

@njia_ndefu hapana, na naomba hili lisomwe na kila anayepita hapa. Lori la muulizaji lina hita ya waya kwenye manifodi. Etha inawaka yenyewe kwenye takriban digrii 160. Hita hiyo inakuwa nyekundu. Ukipuliza etha hita ikiwa imewashwa, au ikiwa bado ina joto, inalipukia ndani ya manifodi, nawe umesimama mbele yake na kopo mkononi. Kwenye injini za hita plagi mlipuko unatokea ndani ya silinda pistoni ikiwa bado inapanda, na hapo ndipo ringi zinapovunjika, pistoni inapasuka au konrodi inapinda.

Mitambo unayoisema mingi haina hita yoyote ya hewa, na baadhi ina kifaa chake cha kiwandani kinachopima etha kidogo kidogo wakati injini inazunguka. Kama kitabu cha injini kinaruhusu etha, tumia kwa utaratibu wa kitabu hicho. Kisiporuhusu, usiiguse. Kuchomoa fyuzi ya hita ili upulize etha nako si salama: unakuwa umeiondolea injini joto lake halisi, na kipimo cha etha kinabaki cha kubahatisha.

ampea_nyingi

Nirudi kwenye volti 24.4, maana hapo pana jambo.

Kipimo hicho, ukigawa sawa, ni 12.2 kwa kila betri, yaani chaji imebaki karibu nusu. Betri ya asidi iliyojaa husoma 12.6 hadi 12.7 baada ya kupumzika. Lakini usigawe kwa kichwa, pima kila betri peke yake. Kwenye lori la volti 24, vitu vya volti 12 kama redio, chaja ya simu au redio ya mawasiliano mara nyingine hufungwa na fundi kwenye betri moja tu, ile ya upande wa hasi, badala ya kupitia kifaa cha kushusha volti. Alteneta inachaji zote mbili kwa mfululizo, haijui kwamba moja inanyonywa. Matokeo yake ile ya upande wa chanya inajaa kupita kiasi, ya upande wa hasi haijai kamwe, na jumla inaonekana ya wastani.

Pima pia volti wakati stata inazunguka. Mfumo wa 24 ukishuka chini ya 18 hivi, kompyuta ya injini inaanza kupoteza mwelekeo. Na ukiwa na mita pima upotevu kwenye kebo: ncha moja kwenye chanya ya betri, nyingine kwenye boliti ya stata, mtu apige stata. Ikizidi volti 1 kwenye mfumo wa 24, kebo au kichwa cha kebo kimeoza. Fanya vivyo hivyo kati ya hasi ya betri na bloku lenyewe. Kebo ya hasi ya injini ndiyo inayooza bila kuonekana.

mshika_usukani

Nimepima moja moja. Ya upande wa chanya 12.5, ya upande wa hasi 11.9. Redio na chaja vimefungwa kwenye hiyo ya pili, ndivyo waya zinavyoonyesha. Stata ikizunguka, jumla inashuka hadi 16.3. Moshi: majaribio mawili ya kwanza hakuna, la tatu mweupe mwembamba. Nina lori jingine la volti 24 la kunibusti. Niunge moja kwa moja?

ampea_nyingi

Usiunge bado! Betri ya 11.9 haina chaji, na asidi yake sasa ni karibu maji. Betri iliyojaa inaganda karibu na -57°C. Iliyo nusu inaganda karibu na -24. Iliyoisha inaganda karibu na -10. Wewe uko -30. Ina uwezekano mkubwa kwamba imeshaganda, na ukiisukumia mkondo mkubwa inaweza kupasuka na kumwaga asidi usoni.

Angalia ubavu wake kama umevimba au kuna ufa. Kama ina vifuniko, fungua utazame kama kuna barafu. Yenye barafu, iliyovimba au yenye ufa haibustiwi wala haichajiwi, ing'oe. Yenye ufa haina matumizi tena. Isiyo na ufa ipeleke ndani kwenye joto mpaka ifike juu ya sifuri kabisa, jambo linaloweza kuchukua siku nzima kwa betri nzito kama hiyo, ndipo uichaji taratibu na kuipima kama inashika mzigo.

Kama moja imeharibika, badilisha zote mbili, aina moja na umri mmoja. Nyingine ya zamani ikikaa na mpya kwa mfululizo, kasoro ile ile inajirudia. Chagua kwa ampea za kuwashia zilizopimwa kwenye -18°C, usiangalie Ah peke yake. Kwenye -18 betri nzuri inabaki na kama 40 hadi 50% ya nguvu zake za kupiga stata, wakati injini hiyo hiyo inadai mara mbili na zaidi kwa sababu ya oili. Nguvu hiyo inayoshuka na mahitaji hayo yanayopanda yanapokutana ndipo lori linapokataa. Redio na chaja vihamishie kwenye kifaa cha kushusha 24 hadi 12.

Ukishakuwa na betri zisizoganda na bado unahitaji kubusti: volti 24 kwa volti 24 tu, kebo nene, milimita za mraba 50 au zaidi. Chanya kwa chanya kwanza, kisha hasi ya lori linalokubusti, na ncha ya mwisho kwenye chuma kitupu cha bloku lako mbali na betri. Acha lori linalokubusti lingurume dakika 10 hadi 15 ndipo upige stata. Dakika hizo hazijazi betri yako, ila zinaipasha kidogo kwa ndani na kuiinua, na mzigo wote hauangukii kebo.

turubai_na_joto

Sasa kupasha injini bila umeme wa ukutani, ambalo ndilo swali lenyewe.

Hesabu kwanza, ili mtu asipoteze muda na jiko dogo. Injini ya kilo 600 ya chuma, pamoja na kulanti (maji ya rejeta yenye dawa ya kuzuia kuganda) na lita 18 za oili, inahitaji takriban kilowati-saa 4 na kidogo ili ipande digrii 40, kutoka -30 hadi +10. Hilo ni joto linaloingia ndani ya chuma, bado hujahesabu linalopotea hewani. Ukiwa na kipuliza hewa moto cha dizeli cha kilowati 10, nusu ikipotea, unahitaji karibu saa 1. Upepo hauwezi kuipoza injini chini ya joto la hewa, lakini unaiba joto unaloingiza, kwa hiyo kinga ni nusu ya kazi.

Funika mbele yote kwa turubai zito: boneti au kebini, rejeta, mpaka chini ardhini, na pande mbili. Kipuliza chenyewe kikae nje ya turubai, bomba lake tu ndilo liingie, likielekezwa chini ya sampu ya oili (bakuli la oili chini ya injini) kutoka umbali wa kama mita 1. Mdomo wa bomba usiguse waya, mabomba ya plastiki ya breki wala ya dizeli. Kila dakika 10 ingiza mkono uhisi. Moshi wa kipuliza usielekee ndani ya kebini, na mtu asilale humo wakati kinafanya kazi; hewa ya mkaa, gesi ya sumu iliyomo kwenye moshi, haina harufu. Kizima moto kiwe mkononi. Baada ya dakika 45 hadi 60 vuta stiki ya oili: ikidondoka kwa tone badala ya kuning'inia kama asali, injini iko tayari.

Kuwasha moto wa kuni au sinia la makaa chini ya sampu sikushauri. Juu yake kuna oili iliyovuja, mabomba ya nailoni na waya, na hakuna namna ya kuuzima haraka. Maji yanayochemka juu ya bloku pia hapana: chuma cha kalibu kilicho -30 kikipata maji ya 100 ghafla kinaweza kupasuka, na maji yaliyobaki yanageuka barafu kwenye plagi za sensa. Maji ya vuguvugu kwenye kitambaa kilichozungushiwa filta ya chuma yanavumilika, mradi ukaushe.

Njia ya zamani isiyohitaji kifaa chochote ni kumwaga oili usiku ikiwa ya moto kwenye ndoo safi yenye kifuniko, kulala nayo ndani, na asubuhi kuimimina ikiwa na joto. Kwa lita 18 ni kazi, lakini kwa lori linalosimama saa 40 inaeleweka. Funga kizibo cha sampu, na tundika kibao kwenye usukani kisemacho HAINA OILI, kwa sababu mtu mwingine akigusa ufunguo injini imekwisha. Betri nazo ziingie ndani pamoja na oili. Betri ya Ah 170 ina kilo 40 na zaidi, beba na mwenzako.

Suluhisho la kudumu ni hita ya kulanti inayochoma dizeli ya tangi lenyewe, iliyofungwa kwenye mzunguko wa maji ya injini. Ya kilowati 5 inakunywa kama lita 0.6 kwa saa ikiwa kwenye nguvu zote. Inatumia umeme wa betri kuendesha pampu na feni, kwa hiyo betri lazima ziwe nzima kwanza. Ipange ianze saa 1 na nusu kabla ya safari.

Na kabla ya yote hayo pima kulanti kwa kipimo cha lenzi. Glikoli 50% kwa maji 50% inalinda hadi karibu -37. 60% inafika karibu -50. Usipite 70%, glikoli tupu inaganda karibu na -13. Ukikuta kulanti ina barafu laini, usiwashe kabisa: pampu ya maji inaweza kukatika na sehemu ya kichwa cha silinda ikachemka wakati rejeta imeganda.

FundiNozo

Utaratibu wa kuwasha, injini ikiwa imepata joto au hata ikiwa haijapata. Zima taa, feni na redio. Gia huru, klachi kanyaga mpaka chini ili stata isizungushe oili nzito ya giaboksi. Fungua ufunguo, subiri taa ya hita ya hewa izime yenyewe. Kwenye baridi hii inaweza kuchukua sekunde 20 hadi 30. Tazama volti: hita ikifanya kazi inavuta makumi ya ampea, kwa hiyo mshale lazima ushuke. Usiposhuka, rilei au fyuzi ya hita imekufa, na huo ndio moshi wako mweupe.

Piga stata sekunde 10 hadi 15, bila kukanyaga mafuta. Isiposhika pumzika dakika 2 kamili, halafu rudia pamoja na kuwasha hita upya. Ikianza kukohoa kwa silinda mbili tatu usiachie ufunguo haraka, maana kila mlipuko unasaidia stata. Lakini usipite sekunde 30. Majaribio matatu yakishindwa, acha. La nne linaua betri na kulowesha kuta za silinda kwa dizeli, nayo inaosha oili kwenye ringi na kupunguza mbano uliokuwa unautafuta.

Ikishika, tazama presha ya oili. Isipopanda ndani ya sekunde 15, zima. Ikipanda, iache ijiendeshe kwenye mzunguko wake wa chini dakika 5 hadi 10, klachi iachie pole pole, kisha ondoka kwa gia ya chini na mzigo mdogo. Kukaa saa nzima ikinguruma hakupashi. Dizeli isiyo na mzigo inapoa, inaacha masizi, na dizeli isiyoungua inashukia kwenye oili.

mshika_usukani

Shukrani sana wakuu. Betri ya upande wa hasi ina ufa, nimeing'oa. Nanunua mbili na kumwaga oili wiki hii. Mawili yamebaki: maji ya urea, yale ya kusafisha moshi wa ekzosi, yameganda kwenye tangi lake, je, yatazuia kuwaka? Na breki za upepo za nyuma zimekwama.

turubai_na_joto

Urea inaganda kwenye -11 na haizuii kuwaka. Tangi lina hita yake inayoyeyusha kwa maji ya injini au kwa umeme baada ya kuwaka. Usiongeze maji, spiriti wala kulanti humo, utaharibu pampu na chujio la moshi. Acha nafasi ya juu tangini, kwa sababu inavimba ikiganda.

Breki zilizokwama: jaza upepo kwanza mpaka presha kamili, fungua breki ya maegesho, kisha gonga ubavu wa ngoma kwa nyundo, usawa wa brekishu (vibano vya breki ndani ya ngoma), ukizunguka. Usivute kwa nguvu ya injini, linaburuza matairi na linaweza kung'oa bitana. Kama valvu ndiyo iliyoganda, elekeza hewa moto kwenye valvu yenyewe. Baada ya hapo badilisha kikaushio cha upepo na fungulia matangi ya upepo kila jioni, maji yote yatoke. Na unapofika mahali pa kulala, kilomita ya mwisho kanyaga breki mara kadhaa taratibu zipate joto na kukauka, simama pasipo na mteremko, weka vigingi kwenye magurudumu, gia ya kwanza, na acha breki ya maegesho wazi kama sheria na mahali vinaruhusu.